Mapenzi, siri na jina la jamaa: riwaya za Kiswahili zina neno gani kwa makanisa ya Kasongo na Kabambare?

Katika makanisa mengi ya mashariki mwa Kongo, vijana wanapenda hadithi za mapenzi zenye siri na hatari ndani yake. Wengine wanazisoma katika vitabu vilivyochakaa, vinavyopita toka mkono hadi mkono. Wengine wanazipokea katika simu, sehemu baada ya sehemu, na kila jioni wanangoja waone kama yule binti ametoroka au amekamatwa. Wazee wa kanisa wanauliza: je, Mkristo anaruhusiwa kusoma mambo haya? Na kama anaruhusiwa, yanamjenga nini?

Makala hii inajibu maswali hayo kwa kueleza riwaya hizo ni za namna gani, zinazungumza nini juu ya jamaa, na namna kanisa linavyoweza kuzitumia. Tunaandika tukiwafikiria hasa ndugu wa kusini mwa Maniema, katika wilaya za Kasongo na Kabambare, ambako neno "jamaa" lina nguvu nyingi. Jamaa inalisha yatima, inazika maiti, inalipa mahari, inapokea wakimbizi. Lakini jamaa hiyo hiyo mara nyingine inamwambia mtoto wake aliyeumizwa: nyamaza, usituharibie jina. Riwaya nyingi nzuri za Kiswahili zimeandikwa juu ya neno hilo moja, "nyamaza", na juu ya gharama yake.

Ni hadithi za namna gani?

Riwaya ya namna hii ina mambo matatu yaliyosukwa pamoja. La kwanza ni mapenzi: watu wawili wanapendana, au mmoja anampenda mwenzake na mwingine anadanganya. La pili ni hatari: kuna polisi, tajiri, adui au mume mwenye hasira anayewafuata. La tatu ni damu: baba, mama, mjomba na shangazi wana neno lao, na neno hilo linapingana na mapenzi.

Walimu wa fasihi wanatumia neno "taharuki" kwa ule wasiwasi unaomshika msomaji asiweze kufunga kitabu. Mara nyingi taharuki haitoki kwenye bunduki. Inatoka kwenye siri. Mwandishi anatuonyesha barua iliyofichwa chini ya godoro, kisha anamwingiza baba chumbani. Sisi tunajua barua iko wapi, baba bado hajui, na moyo unaanza kupiga.

Basi siri inakuwa kama mzigo ambao kila mtu wa nyumbani anabeba sehemu yake. Mama anajua kidogo, dada anajua zaidi, jirani anashuku. Hadithi inasonga mbele kadiri mzigo unavyozidi uzito, mpaka mmoja anaanguka nao. Hata katika riwaya za upelelezi ni hivyo. Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye kitabu chake *Mzimu wa Watu wa Kale* kilichapwa mwaka 1960, alimwumba mpelelezi anayeitwa Bwana Msa. Bwana Msa anamtafuta mwuaji kwa kuchimba habari za jamaa, maana katika nyumba ile siri za zamani ndizo zilizozaa kifo.

Kwa nini vitabu vya pwani vinatuhusu

Mtu wa Kabambare anaweza kusema: Zanzibar ni mbali, mambo yao ni yao. Lakini lugha tunayosalia ilifika kwetu kwa njia ya watu wa huko. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe na watumwa ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Maniema. Kasongo ikawa kituo kikuu cha Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Yeye mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na zilichapwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Alikufa Zanzibar mwaka 1905.

Kwa njia hiyo ya uchungu, Kiswahili kikakaa Maniema, na watu wa Maniema wakatawanyika. Mpaka leo Wamanyema wanajulikana Ujiji, Tabora na hata pwani. Wengi wao walikwenda wakiwa wamefungwa, si kwa kupenda. Kwa hiyo tunaposoma riwaya ya Zanzibar, tunasoma habari za mji ambao jasho la babu zetu liliusaidia kutajirika, katika lugha ambayo sasa ni mali yetu pia.

Msomaji wa Kasongo atakutana na maneno kadhaa yenye maana tofauti. Kwetu "bibi" ni mke wa mtu. Katika vitabu vya pwani mara nyingi ni nyanya, au mama wa heshima. Kwetu "jamaa" ni watu wa nyumba na ukoo. Huko "jamaa mmoja" anaweza kuwa mtu yeyote anayepita njiani. Baada ya kurasa chache msomaji anazoea.

Yasmin: binti aliyefungiwa mlango

Mfano bora wa riwaya hizi ni *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, iliyochapwa Dar es Salaam mwaka 1999. Mwaka 2021 Amil Shivji wa Tanzania aliitengenezea filamu, nayo ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Habari zake ni za Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati Waingereza walipokuwa wanatawala.

Yasmin ni binti wa jamaa ya Kihindi. Ana miaka 15 tu wakati wazazi wake wanapomwoza kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyepita miaka 50. Hakuna aliyemwuliza. Raza si mnyama. Anampa chakula, nguo na nyumba. Lakini Yasmin hampendi, na ndoa hiyo kwake ni kama chumba kisicho na dirisha. Siku moja anamkimbia mume na kurudi kwa mama yake, akitumaini kupokelewa.

Hapo ndipo kitabu kinapouma. Mama hampokei. Binti aliyemwacha mume amewaletea aibu, na aibu ya jamaa ni nzito kuliko machozi ya mtoto. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, asiye wa kabila lake wala wa jamaa yake. Katika nyumba ya Mwajuma Yasmin anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepigania uhuru kwa siri. Wanapendana, na polisi wa wakoloni wanamtafuta Denge usiku na mchana. Toka hapo kila mlango unaogongwa unatisha.

Adam Shafi hakuwa anaandika mahubiri. Kuna mambo katika kitabu chake, kama maisha ya ulevi na mapenzi nje ya ndoa, ambayo kanisa haliwezi kuyasifu. Lakini msomaji Mkristo hawezi kukwepa swali lake: nani alikuwa jirani wa Yasmin? Bwana wetu aliuliza swali la namna hiyo baada ya mfano wa Msamaria mwema. Wenye damu moja na Yasmin walipita kando, na mgeni akamfungulia mlango.

Rosa: baba aliyelinda kwa fimbo

Kitabu cha pili ni *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa Viktoria. Alifariki mwaka 2020, baada ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Botswana. Kitabu chake kilipotoka kilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, kwa sababu kilisema waziwazi mambo ya wasichana na walimu. Baadaye marufuku iliondolewa na kitabu kikasomwa na wanafunzi wengi.

Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria, mlevi na mkali. Baba anagundua kwamba kijana mmoja, Charles, amemwandikia Rosa barua. Anampiga binti yake vibaya mno. Kwa mawazo ya Zakaria, huo ni ulinzi: analinda heshima ya binti na jina la nyumba. Lakini hamfundishi chochote. Rosa anatoka mikononi mwake akiwa anaogopa wanaume, bila kujua jinsi ya kusema na mwanamume, kukataa, au kuchagua. Anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, ile hofu inavunjika na hana kitu kingine cha kumshika. Anaanguka, anatoa mimba, anadharauliwa. Akigeuza maisha yake na kuposwa na yule Charles wa zamani, ukweli wa maisha yake ya nyuma unajulikana na Charles anamwacha. Rosa anajiua.

Wengi wamesoma kitabu hiki kama onyo kwa wasichana. Ni onyo kwa baba kabla ya kuwa onyo kwa binti. Pia ni onyo kwa Charles, na kwa kila mtu anayeimba juu ya neema siku ya Mungu, lakini siku ya Jumatatu anadai bibi asiye na historia. Rosa alikuwa ametubu. Hakupata mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba toba yake imepokelewa.

Mudimbe: mapenzi wakati wa vita

Nchi yetu pia ina vitabu vya namna hii, ingawa vingi vimeandikwa kwa Kifaransa. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, aliandika *Le Bel immonde*, iliyochapwa Paris mwaka 1976. Hadithi iko Kinshasa wakati wa maasi ya miaka ya 1960. Waziri mmoja wa serikali anampenda msichana wa mabaa. Msichana huyo ametoka katika kabila la waasi. Watu wake wanamfikia na kumwambia kwamba baba yake ameuawa na jeshi la serikali. Kwa hiyo, wanasema, yeye kama mtoto wa marehemu ana deni: akae karibu na waziri na kuwaletea habari.

Watu wa Kabambare hawahitaji maelezo marefu juu ya maasi hayo. Mwaka 1964 na 1965 maasi ya Simba yalipita katika eneo letu lote, na wazee wetu waliobaki bado wanasimulia nani alimficha nani, na nani alimtoa nani. Mudimbe alielewa jambo ambalo wazee hao wanalijua: wakati wa vita, damu inageuzwa kuwa amri. "Wewe ni mtoto wetu" inakuwa njia ya kumtuma mtu mahali ambapo hangekwenda kwa hiari yake. Msichana yule anatumiwa na waziri kwa mwili wake, na anatumiwa na watu wake kwa damu yake. Hakuna upande unaomwuliza yeye anataka nini.

Maneno hayo yana uzito katika wilaya ambako makundi yenye silaha yameandikisha vijana kwa jina la kutetea ukoo na ardhi, na ambako dhahabu ya Namoya na Salamabila imevuta watu, pesa na bunduki mahali pamoja.

Biblia haikuficha siri za jamaa

Ndugu mwingine atasema: tunayo Biblia, hadithi za watu ni za nini? Jibu la kwanza ni kwamba Biblia yenyewe imejaa hadithi za mapenzi, hatari na damu. Kitabu cha Esta ni habari ya msichana yatima aliyelelewa na binamu yake, akaingia nyumba ya mfalme akificha kabila lake, mpaka siku ambapo kunyamaza kungewaua watu wake. Watoto wa Yakobo walimwuza ndugu yao, wakachovya vazi lake katika damu ya mbuzi na kumpelekea baba. Waliishi na siri hiyo miaka mingi, wote wakiijua isipokuwa mzee wao aliyekuwa akilia mbele yao.

Jibu la pili ni nabii Nathani. Katika 2 Samweli 12 alitumwa kwa Daudi, mfalme aliyefanya uzinzi na kumwua mume wa mwanamke. Nathani hakuanza kwa kumshtaki. Alimsimulia habari ya tajiri aliyechukua kondoo mmoja wa maskini. Daudi akakasirika, akamhukumu tajiri yule, na hapo tu nabii akamwonyesha kwamba amejihukumu mwenyewe. Hadithi ilipita mahali ambapo mashtaka yasingeweza kupita. Riwaya nzuri inafanya kazi hiyo hiyo: tunamkasirikia Zakaria, tunamhukumu mama wa Yasmin, kisha tunageuka na kuona nyumba yetu.

Lakini sura inayofuata, 2 Samweli 13, ndiyo inayotugusa zaidi. Amnoni, mtoto wa Daudi, anajifanya mgonjwa, anamwita dada yake Tamari na kumbaka. Tamari hakunyamaza. Alipasua vazi lake, akaweka majivu kichwani, akatoka akilia ili watu waone. Absalomu, ndugu yake wa mama mmoja, anamwambia anyamaze kwa sababu aliyefanya ni ndugu. Daudi anasikia, anakasirika sana, na hafanyi kitu. Tamari anabaki katika nyumba ya Absalomu akiwa mtu aliyeharibika moyo.

Tuangalie kilichofuata. Jina la jamaa ya kifalme lililindwa kwa miaka miwili. Kisha Absalomu akamwua Amnoni kwenye karamu, akakimbia, akarudi, akaasi dhidi ya baba yake, na vita ikala maelfu. Siri iliyofichwa ili kulinda nyumba ya Daudi ndiyo iliyoivunja. Mwandishi wa kitabu hicho angeweza kuifuta habari ya Tamari kwa heshima ya mfalme. Hakuifuta.

"Tumalize nyumbani"

Hapa tunafika kwetu. Katika vijiji na mitaa yetu kuna neno linalosikika mara nyingi binti akibakwa na mtu anayejulikana: tumalize nyumbani. Wazee wa pande mbili wanakaa. Wanahesabu mbuzi, pesa, pengine wanapatana kwamba mwanamume amwoe binti huyo na alipe mahari. Watu wanashikana mikono. Kesho yake jamaa mbili zina amani, na binti hana. Mara nyingine analala kila usiku pembeni ya mtu aliyemwumiza.

Wanaofanya hivyo si wote watu wabaya. Wengi wanaogopa kisasi kati ya koo. Wengine wanajua mahakama iko mbali, njia ni mbaya, na safari inadai pesa ambayo hawana. Wengine wanaogopa kwamba binti hataolewa. Tukisema nao tuanze kwa kukubali kwamba hofu hizo ni za kweli.

Lakini tuseme pia sheria inavyosema, kwa sababu wengi hawaijui. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018 na 06/019, zinahusu makosa ya kijinsia. Kwa makosa hayo, haikubaliki kumaliza kesi kwa mkosaji kulipa faini ya mapatano na kwenda zake. Mzazi au mlezi anayemlazimisha mtu kuolewa anaweza kufungwa. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mwanamume na mwanamke wote wawe wametimiza miaka 18 kabla ya ndoa. Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inakataza hata uchumba wa watoto. Mahari iliyopokelewa haifuti kosa, na mchungaji anayebariki ndoa ya namna hiyo anashiriki ndani yake.

Kuna siri nyingine ambazo ni ndogo kwa macho ya watu lakini zinakula nyumba polepole. Mjane ananyimwa shamba na watoto wa marehemu wanafundishwa kumkana. Kijana wa kanisa anampenda binti Mwislamu. Hapa Kasongo Waislamu ni wengi, na koo nyingi zina watu wa dini mbili. Wanajificha kwa miaka kwa sababu hakuna mzee aliye tayari kuwasikiliza bila hasira. Wakikamatwa, jamaa mbili zinapigana juu ya jambo ambalo lingeweza kuzungumzwa mapema, kwa ukweli juu ya imani, watoto na ibada. Kanisa halilazimiki kusema kwamba kila ndoa inafaa. Linalazimika kuwa mahali ambapo kijana anaweza kuuliza kabla hajatoroka.

Je, kusema ukweli ni kuisaliti jamaa? Amri ya kuwaheshimu baba na mama inabaki. Lakini Yesu alisema pia kwamba anayempenda baba au mama kuliko yeye hamfai, na alipoulizwa juu ya mama na ndugu zake aliwaonyesha wale wanaofanya mapenzi ya Mungu. Hakuondoa jamaa, aliiweka chini ya Mungu. Uaminifu ulio chini ya Mungu unasimama pamoja na aliyeumizwa, hata akiwa mdogo, hata akiwa mwanamke, hata aliyemwumiza akiwa mjomba au mzee wa kanisa.

Namna ya kusoma pamoja

Kikundi cha vijana au cha wamama kinaweza kusoma riwaya moja kwa miezi miwili au mitatu. Vitabu hivi vinachapwa Dar es Salaam na Nairobi, na kuvifikisha Kasongo si rahisi. Nakala moja inatosha: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Mahali ambapo kitabu hakipatikani, kiongozi anaweza kusimulia habari yake kama tulivyofanya hapa, kisha kusoma 2 Samweli 13 yote.

Maswali manne yanatosha kuongoza mazungumzo:

1. Siri ni ipi, na nani anaijua?
2. Nani anafaidika siri ikibaki, na nani anaumia?
3. Ni wakati gani mtu mzima mmoja angeweza kugeuza mambo kwa kusema au kwa kufungua mlango?
4. Katika Maandiko, nani alisimama mahali kama hapo, na alifanya nini?

Tunatoa pia tahadhari. Vitabu tulivyovitaja ni vya watu wazima na vijana wakubwa. Visisomwe mbele ya watoto wa shule ya Jumapili. Kiongozi avisome kwanza mwenyewe. Asimlazimishe mtu kutoa ushuhuda wa maisha yake mbele ya kundi. Wazungumze juu ya Yasmin na Rosa. Kila mmoja anajua moyoni mwake anapoguswa. Ikiwa mtu anasema, kama Rosa, kwamba hataki tena kuishi, asiachwe peke yake siku hiyo, wala asihukumiwe. Aitwe mtu anayemwamini, na apelekwe kwa mganga wa kituo cha afya.

Kundi likisoma vizuri, jambo moja linaweza kutokea na viongozi wawe tayari kwa ajili yake. Jioni moja, watu wakitawanyika, binti atabaki nyuma na kumwambia mama mchungaji: yaliyompata Tamari yamenipata mimi. Siku hiyo mama mchungaji asimwulize alikuwa amevaa nini wala alikuwa akitafuta nini njiani. Amsikilize, amwambie kwamba si kosa lake, na asiahidi kuficha. Ikiwa jambo limetokea karibuni, waende hospitali kuu au kituo cha afya mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatolewa ndani ya muda huo, na daktari anaweza kuandika cheti kitakachohitajika mahakamani. Hata kama saa hizo zimepita, bado aende. Kuna matibabu mengine. Mtu mmoja wa kanisa amsindikize na kubaki naye, na wazee wakija baadaye wakisema tumalize nyumbani, huyo aliyemsindikiza awajibu kwa heshima kwamba kanisa limekwisha kusikia, na halitanyamaza.